Je, wajua kwa nini injini nene ya ndege hupiga kelele kidogo kuliko nyembamba?

Wakaazi wa Kiembesamaki, jirani na Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, huzijua ndege kwa masikio. Boeing 737-200 zilizoletwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa na injini nyembamba, na zikiruka mazungumzo yalikatika. Airbus A220 za Air Tanzania zina injini nene, lakini mvumo wake ni mdogo mno kulinganisha na ule. Imekuwaje?

Injini ya jeti huisukuma ndege mbele kwa kutupa hewa nyuma. Hewa ikitoka kwa kasi kubwa hukutana na hewa tulivu ya nje na kuvurugika. Mvurugiko huo ndio ngurumo. Mwaka 1952 mwanahisabati Muingereza James Lighthill alionesha kwa hesabu kuwa nguvu ya sauti hiyo hupanda kwa kipeo cha 8 cha kasi. Ukipunguza kasi nusu, sauti hushuka mara 256! Msukumo nao hupungua, basi panua eneo la mlango wa kutokea hewa mara 4 ili urudi ulivyokuwa: bado sauti ni ndogo mara 64. Uzuri wenyewe uko hapa: ndege inapoanza tu kukimbia, msukumo uleule kwa hewa nyingi iendayo polepole hutaka nusu ya nishati. Mvuvi wa ngalawa analijua hilo: kafi pana likivutwa taratibu humfikisha mbali kuliko kijiti kinachochapa maji.

Ndiyo maana feni ya mbele, inayosukuma hewa kando ya moto wa injini, imekuzwa. Katika zile 737-200, hewa iliyopita kando ya moto ilikaribia kulingana na iliyoingia motoni. Kwenye A220 ni takriban 12 kwa 1, na gia huiacha feni izunguke kwa theluthi ya kasi ya turbini (gurudumu linalozungushwa na hewa ya moto) inayoiendesha, ncha za mapanga zisipige mlio wa msumeno.

Ukipita karibu na injini, tazama ukuta wa ndani wa mdomo wake: una vitundu vidogo tele, na nyuma yake vijumba vinavyomeza mlio wa feni. Injini ya Boeing 787 Dreamliner ina pia meno kwenye ukingo wa nyuma, ya kuchanganya hewa itokayo na ya nje kwa ulaini. Meno hayo hula msukumo kidogo. Kwangu mimi, feni kubwa ndiyo dawa hasa.

Wakati wa kutua mambo ni mengine. Injini imeshapunguzwa, na sehemu kubwa ya kelele ni upepo unaopiga magurudumu yaliyoteremshwa na vibawa vilivyofunguliwa. Hiyo feni haiwezi kuitibu.