Tauni ni ugonjwa wa panya

Juzi msimulizi mmoja redioni alieleza jinsi "tauni ya kipindupindu" ilivyoiteketeza Bazaar ya Wahindi mjini Nairobi mwaka 1902. Mwezi huu ni mara ya tatu nasikia tauni ikibebeshwa ugonjwa usio wake.

Tauni ni ugonjwa mmoja tu, tena wa panya. Panya akifa, viroboto wake humhamia mtu na kumtia bakteria; mtu hushikwa na homa kali, akatokwa na mitoki, yaani uvimbe wa tezi, kinenani au kwapani. Basi.

Neno tumelipata kwa Waarabu, na mzizi wake ni kuchoma kwa mkuki. Lakini Waarabu walikuwa na neno la pili, wabaa, la mlipuko wa maradhi yoyote, na wanazuoni wao wakaweka mpaka: kila tauni ni wabaa, ila si kila wabaa ni tauni. Mpaka huo ndio uliotuponyoka. Nashuku Biblia ilichangia kidogo. Luka 21 inataja "njaa na tauni" mahali ambapo Kigiriki kinazungumzia maradhi ya kuenea kwa jumla. Simlaumu mfasiri, alitaka neno la kutisha na akalipata. Tangu hapo hata korona imeitwa tauni.

Mtaona nagombania herufi. Hebu tuirudie Bazaar. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 tu, mji ukaota kando ya kinamasi bila mitaro ya maana. Wenye maduka walilala humo humo dukani, pamoja na magunia ya nafaka, na takataka zikirundikana nje. Kwa panya hiyo ni karamu. Tauni nayo ilikuwa safarini, bandari kwa bandari: Hong Kong mwaka 1894, Bombay mwaka 1896. Ilipotokea Bazaar, mganga wa serikali aliamuru mtaa uchomwe moto. Sasa ukisema kilikuwa kipindupindu, amri hiyo haina kichwa wala miguu, maana kipindupindu hukitafuta kwenye maji na vyoo, hukichomei mtu duka. Ukisema tauni, angalau unaelewa walichokuwa wakikikimbia, ingawa panya naye ana miguu, na ugonjwa ulirudi Nairobi miaka iliyofuata. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, akapendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika watengewe mitaa yao, kana kwamba kiroboto huuliza rangi.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa redioni, kipindupindu kikizuka sema "mlipuko wa kipindupindu", utaeleweka vizuri tu. Na Bazaar haikuteketezwa na ugonjwa wowote. Iliteketezwa kwa kiberiti, kwa amri ya serikali.