Mbaazi yako imekataliwa ghalani? Soma hapa kabla hujamlaumu karani

Tangu mnada uanze simu ni zile zile, Ruangwa, Nachingwea, mpaka Masasi: "afisa, mzigo wangu umerudishwa, karani anataka kitu kidogo." Jamani. Kama kweli kakuomba hela, mlete kwetu. Ila mara nyingi tatizo liko ndani ya gunia.

Juzi mzee mmoja kanishika mkono, kiganjani ana punje nyeupe safi, "mwanangu, hizi hazijakauka?" Nikang'ata moja, ikabonyea. Iliyokauka inapasuka tap! Tukaingiza mkono mpaka chini ya gunia, kuna joto kabisa. Mzee akacheka mwenyewe.

Mbaazi haikomai siku moja, mti huo huo una ganda kavu, ganda bichi na maua ya njano bado yapo juu, sasa wewe ukikata shina zima ukarundika na kupiga siku hiyo hiyo, bichi na kavu zote zinaingia gunia moja. Anika kwanza, na upigie juu ya turubai, sio chini, mchanga unaongeza kilo lakini unarudisha gunia. Anayeutia makusudi ajue hilo sio kosa la usafi tena, ni udanganyifu, mzigo unazuiwa, unaandikwa maelezo, na kuanzia hapo utaongea na polisi sio na mimi.

Utaratibu upo hivi: ukifika AMCOS, yaani chama chenu cha ushirika cha mazao, karani anachoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, juu, katikati na chini ya gunia, anapima unyevu, anaangalia vijiti, choroko zilizochanganyika na punje zilizotobolewa. Ukipita unapimwa kilo ukiwepo, unapewa risiti. Isome hapo hapo! Jina liwe kama la benki, herufi kwa herufi, na namba ya akaunti pia, maana hela ikigoma kuingia mnasema chama kimekula. Mzigo unaenda ghala kuu, unaingia mnadani TMX, soko la bidhaa la Tanzania, na bei mnaikubali au kuikataa nyie wakulima. Bei hatupangi sisi. Ile ya 2017 mnayonikumbusha kila kikao, India ndio iliweka kikomo cha tani 200,000 za kuingiza kwa mwaka, soko likaanguka.

Halafu fukusi, mdudu anayetoboa punje, mnasema eti katoka ghala letu. Anaanzia shambani, anataga kwenye ganda, ukichelewa kuvuna unakuja naye mwenyewe.

Na shamba kunyauka sio kurogwa, ni fangasi wa udongoni, anakaa miaka. Pasua shina utaona michirizi myeusi ndani. Hapo pumzisha mbaazi, weka ufuta au mtama, na ukirudi tafuta mbegu inayostahimili mnyauko, kwa mfano ile inayoitwa Mali.

Ukiona umeonewa omba upimwe upya mbele ya mwenyekiti wa chama, siku hiyo hiyo kabla mzigo haujapakiwa. Ukija wiki ya pili gunia lako halitambuliki tena.