Mfua shaba wa Bunkeya hajui Gécamines

Ukikaa na vijana wa Lubumbashi wanaojaribu kutengeneza michezo ya video, haipiti saa moja kabla mmoja hajasema kwamba wahusika wake hawatasoma tena mistari iliyoandikwa: wataongea wenyewe na mchezaji, kwa modeli ya lugha, akili bandia ileile inayojibu maswali kwenye simu. Wazo si baya. Lakini linatembea na imani kadhaa zinazokula muda na franga.

“Modeli ikiingia, mwandishi anafunga kazi.”

Tuseme mchezo unafanyika Bunkeya, Katanga, makao ya mwami (mfalme) M'siri, mwaka 1885. Mchezaji anamkuta mfua shaba kando ya tanuri, akimimina misalaba ile ya shaba iliyotumika kama fedha katika nchi hizi. Anamuuliza: “Mzee, shaba hii inakwenda wapi?”

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Modeli imesoma maandishi ya nyakati zote kwa mkupuo mmoja, na kazi yake ni kukadiria neno gani linaelekea kufuata. Shaba na Katanga zikikaribiana, yanayofuata ni Union Minière, kampuni ya madini ya enzi za ukoloni, Gécamines iliyoirithi, na Lubumbashi. Basi mzee wa watu anaweza kutaja Union Minière iliyoanzishwa 1906 na mji uliozaliwa 1910. Ukimchokoza zaidi, atakusimulia jinsi M'siri alivyouawa Desemba 1891, ilhali mwami yuko hai, amekaa hatua chache kutoka pale.

Kuiambia modeli “wewe ni mfua shaba wa 1885” kunasaidia, ila hakumfungi mtu mdomo. Ni lazima mtu akae aandike mzee huyu anajua nini, anamwogopa nani, na siri gani hatoi hata akihongwa. Kisha ajaribu kumpotosha kwa maswali ya kijinga, maana wachezaji ndivyo watakavyofanya. Kwa maoni yangu kazi ya mwandishi imekuwa ngumu zaidi: mstari ulioandikwa unausahihisha mara moja umekwisha, lakini huu unazaliwa mchezaji akiwa tayari anacheza, na wewe haupo.

Kuna na ahadi. Mhusika anasema “chukua mkuki huu”, mchezaji anafungua mfuko wake, hakuna kitu. Modeli imetoa maneno tu. Mchezo haukutoa mkuki. Ndiyo maana mpangilio wenye akili ni kuacha kanuni za mchezo ziamue kinachotokea, modeli ipewe kazi ya kukisema tu. Hata Ubisoft, kampuni kubwa ya michezo ya video, ilipotangaza chombo chake cha Ghostwriter mwaka 2023, ilikitumia kuandaa rasimu za vijimaneno vya wapita njia, na waandishi ndio wanaochagua na kurekebisha kabla mchezo haujatoka.

“Ni jambo jipya, la jana tu.” Hapana. ELIZA, programu ya kompyuta ya Joseph Weizenbaum, ilikuwa ikijibizana na watu mwaka 1966. Mchezo wa Façade, mwaka 2005, ulimwacha mchezaji aandike chochote anachotaka. Mchezo wa AI Dungeon ukaja 2019 juu ya modeli ya lugha iitwayo GPT-2.

“Mhusika atanikumbuka.” Modeli yenyewe haikumbuki chochote. Kila unapoongea, mchezo unaipelekea upya maelezo ya mhusika pamoja na mazungumzo yaliyotangulia. Yakirefuka, gharama inapanda, na mwishowe sehemu inakatwa. Mhusika akikununia kwa tusi la wiki iliyopita, ujue mtengenezaji ndiye aliyelihifadhi mahali.

“Bila intaneti kali na mashine kubwa haiwezekani.” Kwetu, ambako umeme unakatika na mega zinanunuliwa kwa kuhesabu, hili ni swali zito. Septemba 2024 Meta, wenye Facebook, ilitoa Llama 3.2, na ndani yake kuna modeli ndogo za vigezo (namba zinazobeba ilichojifunza modeli) bilioni 1 na bilioni 3 zinazoweza kukaa ndani ya simu. Ile ya bilioni 3, ikibanwa vizuri, huchukua takriban gigabaiti 2. Kwa hiyo inawezekana, ingawa itagombea kumbukumbu na picha za mchezo. Kwenye lugha ndipo inapouma: orodha yake rasmi ya lugha nane ina Kifaransa, haina Kiswahili. Isitoshe, modeli nyingi hukata maneno ya Kiswahili vipande vingi kuliko ya Kiingereza, hivyo jibu linachelewa. Na hata zile kubwa zinazokimudu, mara nyingi zitamfanya mama anayeuza unga wa bukari (ugali) katika soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, aongee kama msomaji wa habari wa Dar es Salaam. Mama huyo, kwa sasa, mwandikie mwenyewe.

“Sauti nayo ni ya bure.” Mei 2025 mchezo wa Fortnite ulimleta Darth Vader, yule mwovu wa filamu za Star Wars, anayeongea kwa akili bandia, kwa sauti ya mwigizaji wake, marehemu James Earl Jones, familia yake ikiwa imekubali. Haikuchukua muda wachezaji wakamfanya atukane, na Epic, kampuni yenye mchezo huo, ikalazimika kurekebisha haraka. Chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kikapeleka malalamiko kwamba hakikushirikishwa; wakati huo wanachama wake wa michezo ya video walikuwa kwenye mgomo tangu Julai 2024, na akili bandia ilikuwa katikati ya ugomvi. Steam nayo, duka la michezo mtandaoni, tangu Januari 2024 inamtaka mtengenezaji atangaze akili bandia aliyoitumia katika yale anayokutana nayo mchezaji, na kama inazalisha maneno mchezo ukiendelea, aeleze ni vizuizi gani ameweka.