Kuweka mfumo endeshi kwenye Compute Module 4 yenye eMMC

Raspberry Pi Compute Module 4, iliyotoka Oktoba 2020, ni bodi ndogo ya milimita 55 kwa 40 isiyo na tundu la HDMI, la USB wala la memori kadi. Upande wake wa chini kuna konekta mbili zenye pini 100 kila moja, na karibu kila kinachoingia au kutoka hupitia humo kwenda kwenye bodi mama inayoibeba. Anayetoka kwenye Raspberry Pi 4 ya kawaida huwa amezoea kuandika imeji, yaani faili lenye mfumo endeshi mzima, kwenye memori kadi, kuichomeka na kuwasha, na ndiyo maana swali ninaloletewa mara nyingi kuliko yote ni hili: kadi ni nzima, imeji ni sahihi, lakini moduli haiwaki.

Jibu liko kwenye aina ya moduli. Zile zinazoitwa Lite hazina hifadhi ya ndani, kwa hiyo njia za kadi ya SD hutoka kwenye konekta na kufika kwenye tundu la bodi mama. Zile zenye eMMC, yaani chipu ya hifadhi iliyo kwenye moduli yenyewe, ya GB 8, 16 au 32 zimeshazitumia njia hizo hizo ndani ya moduli kuunganisha eMMC, na tundu la kadi kwenye bodi mama linabaki bila mawasiliano yoyote. Hakuna mpangilio wa programu utakaolifufua. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona watu wakinunua kadi mpya moja baada ya nyingine wakidhani tatizo ni kadi.

Kwa kuwa eMMC imelehemiwa na haitoki, njia ya kuifikia ni kuitumia chipu kuu ya moduli, BCM2711. Inapopata umeme, chipu huanza kutekeleza maelekezo yaliyomo ndani yake tangu kiwandani. Kwa kawaida maelekezo hayo huiagiza isome programu ya kuwashia iliyo kwenye EEPROM, yaani chipu ndogo ya kumbukumbu, lakini kabla ya hapo hukagua pini inayoitwa nRPIBOOT. Pini hiyo ikiwa imevutwa chini, yaani imeunganishwa na ground, chipu huiruka EEPROM, hujitambulisha kwa kompyuta yako kupitia USB na kusubiri itumiwe programu. Programu ya `rpiboot` ndiyo inayofanya kazi hiyo ya kutuma, na ikishamaliza, eMMC huonekana kwenye kompyuta yako kama flashi diski ya kawaida. Ukiuelewa mpangilio huu, kila hatua inayofuata ina sababu yake, na hata ikikwama utajua imekwamia wapi.

Kwenye bodi ya CM4 IO, ambayo ni bodi mama rasmi ya moduli hii, jampa (kipande kidogo kinachounganisha pini mbili) huwekwa kwenye jozi ya kwanza ya pini za J2, ile ambayo maandishi ya pembeni yake yanasema huzuia kuwaka kutoka kwenye eMMC. Kebo huingia kwenye tundu la micro USB, na umeme wa bodi hutoka kwenye adapta yake, kwa sababu tundu hilo haliiletei bodi umeme. Unganisha kebo kwanza, umeme baadaye. Hakikisha pia kwamba kebo inapitisha data, kwa kuwa kebo nyingi za chaja za simu zina nyaya za umeme tu. Kwenye Linux ninakagua kwa amri ya `lsusb` kabla ya kufanya jambo jingine lolote: nikiuona mstari wenye namba 0a5c:2711 na jina la Broadcom, najua jampa, kebo na umeme viko sawa. Usipoonekana, hakuna haja ya kuanza kuilaumu programu.

Kwa Windows kuna faili la kusakinisha `rpiboot` linalokuja na draiva zake. Kwa Debian au Ubuntu, mimi huijenga kutoka kwenye msimbo wake:

```
sudo apt install git libusb-1.0-0-dev pkg-config build-essential
git clone --recurse-submodules --depth=1 https://github.com/raspberrypi/usbboot
cd usbboot
make
sudo ./rpiboot -d mass-storage-gadget64
```

Baada ya sekunde chache diski mpya hujitokeza. Endesha `lsblk` kabla na baada, kisha linganisha. eMMC ya GB 32 itaonekana na ukubwa wa karibu 29G, na ukubwa huo ni kinga nzuri dhidi ya kuifuta diski ya kompyuta yako mwenyewe. Kabla ya kuandika, hakiki imeji kwa `sha256sum`, hasa kama uliipakua kwa kifurushi cha simu na mtandao ukawa unakatika njiani.

Raspberry Pi Imager inatosha kwa watu wengi: hufungua faili la xz yenyewe, huandika, kisha husoma tena kuhakikisha kilichoandikwa ni sahihi. Anayependelea amri atatumia hii, akiweka herufi ya diski yake mahali pa X:

```
xzcat imeji.img.xz | sudo dd of=/dev/sdX bs=4M conv=fsync status=progress
```

Mwishoni namba zinaweza kusimama kwa muda wakati data ikimaliziwa kuandikwa. Subiri, usichomoe.

Tangu Aprili 2022 Raspberry Pi OS haiji tena na mtumiaji wa pi mwenye nywila inayojulikana na kila mtu, uamuzi ninaouunga mkono kwa moyo wote. Maana yake ni kwamba moduli isiyo na skrini lazima iandaliwe mtumiaji na SSH, yaani njia ya kuingia kwa amri kupitia mtandao, kabla ya kuwaka, ama kwenye mipangilio ya Imager, ama, kwa toleo la Bookworm, kwa kuweka mafaili ya `ssh` na `userconf.txt` kwenye patisheni ya bootfs, yaani sehemu ya diski yenye mafaili ya kuwashia. Ukiwa humo, fungua `config.txt`. USB ya moduli hii huzimwa kwa kawaida ili kuokoa umeme. Imeji rasmi huwa na `otg_mode=1` chini ya `[cm4]`, lakini mifumo mingine huenda ikahitaji uongeze `dtoverlay=dwc2,dr_mode=host`, la sivyo kibodi na mausi havitaitika.

Zima umeme, toa jampa, kisha washa. Jampa ikibaki, moduli itaendelea kuisubiri kompyuta yako na skrini itakuwa nyeusi. Ikiwa jampa imetoka na bado haiwaki, hesabu mimweko ya taa ya kijani: minne ina maana faili la `start` halikupatikana, saba ina maana keneli, kiini cha mfumo endeshi, haikupatikana.

Kama unakusudia kuwasha kutoka kwenye diski ya SSD ya aina ya NVMe, jampa ile ile hutumika pia kusasisha EEPROM, ambayo kwenye moduli hii haisasishwi na mfumo kwa kawaida. Badili `BOOT_ORDER`, yaani mpangilio wa vyanzo vya kuwashia, kwenye `boot.conf` iliyo ndani ya folda ya `recovery`, endesha `./update-pieeprom.sh` humo humo, kisha rudi kwenye folda ya `usbboot` na uendeshe `sudo ./rpiboot -d recovery`.