Je, wajua kwa nini papa humuuma mtu kisha akamwachia?

Ukienda soko la samaki la Feri asubuhi, mtazame papa aliyelazwa chini kabla hajakatwa vipande. Kwenye pua yake, hasa upande wa chini, utaona vitundu vidogo vingi, na ukivibonyeza kwa kidole hutoka ute mzito. Kwa vitundu hivyo, ambavyo Stefano Lorenzini wa Italia alivieleza mwaka 1678, papa huhisi umeme hafifu wa mwili wa kiumbe hai, lakini akiwa karibu mno tu. Akiwa mbali hutegemea harufu, mtikisiko wa maji na macho, na macho ya papa wengi hayatofautishi rangi vizuri.

Katika maji ya tope, basi, mtu anayepiga mbizi au kuogelea huwa ni kivuli kinachotikisika. Papa hana mkono wa kupapasia. Akitaka kujua kitu ni nini, hukijaribu kwa mdomo. Wapo wataalamu wanaosema humdhania mtu kuwa sili, yaani mnyama wa baharini ambaye papa wengine humla, na wapo wanaosema hupeleleza tu. Hoja ya pili naiona ina nguvu zaidi, kwa kuwa papa wa Zambezi, ambaye huingia hata mitoni, huuma watu mahali pasipo na sili hata mmoja.

Akishauma, mara nyingi huachia na kwenda zake. Hata hivyo, meno yake ni makali kiasi kwamba jaribio moja hutosha kukata mshipa mkubwa wa paja, na wanaokufa aghalabu huuawa na kuvuja damu, si kwa kuliwa. Mwenzako akiumwa, mtoe majini na ukandamize jeraha kwa nguvu palepale ufukweni, hata kwa kanga, wakati wengine wanatafuta gari.

Matukio yenyewe ni machache: Chuo Kikuu cha Florida, kinachotunza kumbukumbu hizi, kilithibitisha duniani kote mwaka 2023 matukio 69 ya papa kuuma watu wasiomchokoza, na 10 kati yao walifariki. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, tahadhari ya maana ni kutoogelea karibu na mlango wa Mto Msimbazi mvua za masika zinapoleta tope, wala jua linapozama. Naye mzamiaji wa mshale asifunge samaki wake kiunoni, kwani atakuwa amejivisha damu na mtikisiko kwa pamoja. Awaning'inize kwenye boya, kwa kamba ndefu.