KTN ni ya nani? Yanayosemwa na yaliyotokea

Wengi wanaamini KTN, yaani Kenya Television Network, ni tunda la vyama vingi: eti kamba zilipolegezwa ndipo Kenya ikapata televisheni ya binafsi. Tarehe zinakataa. KTN ilienda hewani Machi 1990, nchi ikiwa bado ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilifutwa Desemba 1991, karibu miaka miwili baadaye. Tena walioianzisha hawakuwa wapinzani. Ilianzishwa na Kenya Times Media Trust, ubia wa KANU, chama kilichokuwa kikitawala, na Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza aliyekuwa akimiliki Daily Mirror. Yaani ukiritimba wa KBC, shirika la utangazaji la serikali, ulivunjwa na chama tawala chenyewe. Kuiita KTN ya wakati ule kituo cha binafsi si kosa, mradi tusidhani kilikuwa mbali na Ikulu.

Ubia huohuo ndio uliotaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, katikati ya Nairobi, ambamo zingekaa ofisi za chama na za gazeti lake, Kenya Times. Mwaka 1989 Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, alianza kuandika barua za kuupinga mradi. Wabunge walimshambulia bungeni, lakini wenye fedha wa ng'ambo walirudi nyuma na jumba halikujengwa. Kisa hiki husimuliwa kama cha mazingira peke yake, na nadhani hapo tunapoteza nusu yake. Kilikuwa pia kisa cha chama kilichokuwa kikijitengenezea gazeti, televisheni na jumba la kuviweka chini ya paa moja.

Kuna wasemao kituo kilikuwa cha Maxwell, na kwamba alipokufa kilikufa naye kikafufuliwa na wengine. Maxwell alikuwa mbia. Alifia baharini karibu na visiwa vya Canary mnamo Novemba 1991, na himaya yake ikaporomoka kwa madeni. KTN haikuzimika. Kilichofuata ni mvutano wa umiliki hapa nyumbani, hadi mahakamani.

Dhana sugu kuliko zote ni kwamba KTN ilianzishwa na gazeti la The Standard. Kwa kuwa leo viko pamoja, ni rahisi kudhani hivyo. Gazeti ni la 1902, lilianzia Mombasa mikononi mwa Alibhai Mulla Jeevanjee. Baadaye lilimilikiwa na Lonrho, kampuni ya Uingereza, hadi mwaka 1995 lilipouzwa kwa wawekezaji wa Kenya waliohusishwa na watu wa karibu wa Rais Moi. KTN ilipozaliwa, Standard lilikuwa mshindani wa Kenya Times sokoni. Televisheni iliingia kwenye kundi la Standard mwishoni mwa miaka ya 1990.

Na kwa kuwa familia ya Moi hutajwa sana, husemwa kundi lote ni mali ya familia. Standard Group imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, na mwananchi yeyote anaweza kununua hisa zake. Ni kweli pia kwamba mwenye hisa chache hana sauti ya kuamua nani awe mhariri. Haya mawili yanakwenda pamoja, na anayetaja moja akaficha la pili anapotosha.

Limebaki lile la kusema kituo chenye wenyewe wa aina hiyo hakiwezi kuiudhi serikali. Usiku wa kuamkia Machi 2, 2006, polisi waliofunika nyuso walivamia ofisi za Standard na KTN, wakazima matangazo kwa saa kadhaa na kuchoma maelfu ya nakala za gazeti kiwandani. Kabla ya hapo, waandishi wa gazeti hilo walikuwa wamekamatwa kwa habari kuhusu Rais Kibaki na mwanasiasa Kalonzo Musyoka. Waziri wa usalama wa ndani, John Michuki, alisema ukimchokoza nyoka ujiandae kuumwa. Aliyekuwa madarakani si Moi tena, na waliokuwa zamu usiku ule, waliolazwa kifudifudi sakafuni, walikuwa wafanyakazi. Wenye hisa hawakuwepo.