Dharura Ikija na Dawa Zimekwisha: Maswali na Majibu Kuhusu Bima na Dawa za Kila Siku

Mafuriko, vita, moto au tetemeko la ardhi vikimkuta mtu anayemeza dawa kila siku, huwa na shida mbili kwa mpigo: janga lenyewe, na dawa zilizobaki mahali asipoweza kurudi.

Nimekimbia bila dawa zangu za presha. Bima inakataa, eti nilichukua za mwezi mzima wiki mbili zilizopita. Wana haki?

Wanafuata hesabu. Ukipewa vidonge 30 vya kumeza kimoja kwa siku, mfumo wa bima hukataa kulipia vingine hadi vile vya kwanza vikaribie kuisha. Kompyuta haijui kwamba nyumba yako imejaa maji. Kwa hiyo jibu la kwanza la "hapana" mara nyingi limetoka kwenye mashine, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa mapema mno. Mwombe mfamasia awapigie bima na kuomba kibali maalumu, au piga mwenyewe. Eleza wazi kwamba dawa zimepotea au haziwezi kufikiwa kwa sababu ya janga. Ukisema tu "naomba niongezewe", utajibiwa kama mtu aliyemaliza dawa kabla ya wakati. Serikali ikishatangaza hali ya dharura, bima nyingi hulegeza sharti hili, basi uliza kama eneo lako limo. Andika jina la aliyekujibu, tarehe, na namba ya kumbukumbu ya simu hiyo.

Famasi iliyo wazi haina mkataba na bima yangu. Nifanyeje?

Uliza kwanza kama bima inaruhusu kutumia famasi yoyote wakati wa dharura. Isiporuhusu papo hapo, unaweza kulipa na kudai baadaye. Risiti iwe na jina lako, jina la dawa, nguvu yake, idadi, tarehe na muhuri. Risiti iliyoandikwa "dawa" na jumla ya pesa ni kisingizio tosha cha kukataliwa. Ambatisha nakala ya cheti cha daktari, na uulize siku ya mwisho ya kuwasilisha madai. Kama pesa haitoshi, omba dawa za siku chache, au dawa ileile isiyo na jina la kibiashara, ambayo kwa kawaida ni nafuu.

Sina cheti cha daktari. Mfamasia anaweza kunipa dawa?

Inategemea sheria ya nchi. Uingereza, kwa mfano, mfamasia akijiridhisha kwamba uhitaji ni wa haraka na dawa uliwahi kuandikiwa, anaweza kukupa nyingi kati ya hizo za hadi siku 30. Fenobabitoni ya kifafa ni za siku 5 tu, na dawa kali za maumivu kama mofini hatoi kabisa. Popote ulipo, kinachomsaidia mfamasia ni ushahidi: pakiti tupu, lebo, hata picha kwenye simu. "Kile kidonge cheupe cha asubuhi" hakimwambii kitu. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwaka 2005, kumbukumbu nyingi za matibabu za makaratasi ziliharibika, ikabidi ujengwe haraka mfumo wa mtandaoni wa kuonyesha waliohama walikuwa wakitumia dawa zipi. Picha ya kila lebo, ukiituma na kwa ndugu anayeishi mbali, inakufanyia kazi hiyohiyo.

Zimebaki chache. Nimeze nusunusu zisogee?

Usijiamulie. Ukiacha ghafla klonidini (dawa ya presha) au dawa za presha na moyo za jamii ya propranololi, presha au mapigo ya moyo yanaweza kupanda vibaya. Dawa za kifafa zikikatika, degedege linaweza kuja mfululizo. Aliyetumia prednisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe) kwa muda mrefu akiiacha ghafla, mwili unaweza kuishiwa nguvu kwa hatari. Kupunguza ARV nako kunavipa virusi nafasi ya kuwa sugu. Mwonyeshe mhudumu wa afya zilizobaki akiwa na muda wa kukutafutia nyingine. Usingoje kidonge cha mwisho.

Na insulini, bila friji?

Ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Nje ya friji, aina nyingi hudumu takriban siku 28 zisipopata joto la zaidi ya nyuzi 30. Soma karatasi ya ndani ya boksi. Iliyoganda kwa barafu itupwe, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Jambo linalosahaulika zaidi ni bomba la sindano. Kuna insulini ya uniti 100 kwa mililita na ya uniti 40, kila moja na bomba lake. Ukivuta ile ya 100 kwa bomba la 40 hadi alama ya 10, umejidunga uniti 25 badala ya 10, na sukari inaweza kushuka hadi upoteze fahamu. Ukipewa insulini ya msaada, linganisha namba ya chupa na ya bomba kabla ya kuvuta.

Vidonge vilivyoguswa na maji ya mafuriko?

Vilivyolowa, tupa. Kama chombo kimechafuka ila vidonge ni vikavu na maisha yako yanavitegemea, vitumie hadi upate vingine.

Sina bima kabisa.

Nenda kituo cha misaada na utaje ugonjwa wako bila kusubiri kuulizwa. Shirika la Afya Duniani lina kasha la dharura la magonjwa yasiyoambukiza, yakiwemo kisukari na presha, lililokadiriwa kuhudumia watu 10,000 kwa miezi mitatu. Dawa yako hasa huenda isiwemo. Mwulize daktari ipi inaweza kushika nafasi yake.

Nawezaje kuweka akiba ikiwa bima hainiruhusu?

Mwombe daktari akuandikie dawa za miezi mitatu, kama bima inakubali. Vinginevyo, chukua dawa siku ya kwanza kabisa unayoruhusiwa, kila mwezi. Ukiruhusiwa siku tano kabla hazijaisha, tayari una akiba ya siku tano. Anza na pakiti za zamani, za karibuni zikae nyuma, ili akiba isije kupitwa na tarehe ya mwisho wa matumizi.